Kitanda cha usiku mmoja



Jumatano ya juma lililopita nilisoma taarifa ya habari ya saa nne usiku, nikakabidhi zamu, nikavaa koti na kutoka kwenda kutafuta matatu. Mnaijua Nairobi ya mwezi wa Julai. Mvua hainyeshi, lakini mawingu hulala juu ya mapaa tangu asubuhi, na usiku ukiingia baridi inapenya hadi mifupani. Sisi wa studio tunaitangaza baridi hiyo kila siku, digrii 11, digrii 10, tunawakumbusha wasikilizaji wasisahau sweta, kisha tunapiga muziki.

Katika barabara ninayopita, ambayo leo sitaitaja jina, na sababu mtaisikia, kuna baraza ya duka moja la vitambaa. Hapo hulala mama mmoja na wanawe wawili. Nimewapita kwa miezi mingi. Bawabu wa jengo hilo tunajuana, tunaulizana habari za watoto na za shamba, lakini mama huyo, naona aibu kukiri, nilikuwa sijawahi kumpa hata salamu. Usiku huo nilisimama kwa sababu ya sauti. Mtoto wake mdogo, wa miaka miwili hivi, alikuwa akikohoa, na kila alipovuta pumzi kifua kilikoroma. Kaka yake, kijana wa miaka kumi na mitatu, alikuwa amevua jaketi lake akamfunika, yeye mwenyewe amekaa ndani ya katoni akiwa na fulana tu.

Nikatoa simu. Mimi ni mtu wa redio, nina namba za watu wengi, na nilidhani kwa dakika kumi jambo hilo litakuwa limekwisha.

Namba ya kwanza ilikuwa ya kituo cha polisi. Askari aliyepokea alikuwa mtu wa heshima, sina lawama naye. Akaniambia, "Mzee, unaweza kuwaleta, lakini hapa sina pengine pa kuwalaza ila seli." Namba ya pili ilikuwa ya kanisa moja ambalo nimewahi kuliombea michango hewani. Mlinzi akasema ofisi itafunguliwa saa mbili asubuhi. Ya tatu ilikuwa ya makao ya watoto. Hao walikuwa tayari kuwachukua watoto wote wawili, mama hapana, na hata watoto hawangeweza kuwapokea bila barua ya afisa wa watoto, ambaye naye yuko kazini mchana. Ya nne ilikuwa ya makao ya wanawake wanaokimbia kupigwa majumbani. Mama angepokewa pamoja na yule mdogo, lakini kijana wa kiume wa umri ule hawamruhusu kulala pamoja na wanawake, na ukifikiri vizuri unaielewa sababu yao.

Nikamweleza mama hayo yote. Alinisikiliza hadi mwisho, akamtazama yule kijana, akaniambia, "Mzee, huyu nikimwacha leo, kesho nitampatia wapi?"

Sikuwa na jibu. Tukapanda teksi sote wanne tukaenda hospitali. Nesi wa zamu akamsikiliza mtoto kifua, akampa dawa, akasema hana haja ya kulazwa. Ni vidonge vya kuyeyusha katika maji safi, asubuhi na jioni, kwa siku tano. Akamalizia kwa maneno ambayo bila shaka huwaambia wazazi wote: mtoto asilale penye baridi. Ilikuwa saa tisa ya usiku. Tukarudi kwenye baraza ileile, tukiwa na vidonge vya kuyeyusha katika maji safi.

Msikilizaji, katika simu zile nne hakuna mtu aliyenijibu vibaya. Kila mmoja alikuwa na huduma yake, na kila huduma ilikuwa na mtu wake. Iko ya mtoto bila mama, iko ya mama bila kijana wake, iko ya wote lakini mchana. Sikupata hata mlango mmoja ulioandikwa: umekuja usiku, ingia, lala, kesho tutazungumza. Na kama kijana yule angekuwa na miaka ishirini, mwanamume mzima, mwenye afya, nisingekuwa hata na namba nne za kupiga. Ningekuwa na moja tu, ile ya seli.

Seli hiyo ina historia yake. Kwa miaka mingi Kenya ilikuwa na Sheria ya Uzururaji, tuliyorithi kutoka fikra za ukoloni, wakati ambapo Mwafrika aliyeonekana mjini bila kazi na bila makao alihesabika kuwa ni mkosaji hata kabla hajatenda lolote. Nairobi imeyajua malori ya kukusanya watu tangu Aprili 1954, wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza walipouzingira mji na kuwachuja wakazi wake mmoja mmoja. Sheria ile ya uzururaji ilifutwa mwaka 1997, katika yale mageuzi yaliyopatanishwa bungeni kabla ya uchaguzi. Nilikuwa bado mwanafunzi. Nakumbuka wazee wakifurahi kwamba sasa mtu anaweza kufanya mkutano, lakini sikumsikia yeyote akifurahi kwamba sasa mtu anaweza kulala barazani bila kuwa mhalifu. Na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha kwa majirani zetu, ilitoa maoni yake tarehe 4 Desemba 2020 kwamba sheria za namna hiyo, zinazomwadhibu mtu kwa kukosa makao na riziki, hazipatani na Mkataba wa Afrika, na nchi zilizo nazo hazina budi kuzirekebisha au kuzifuta.

Hayo ni ya sheria. Lori halikufutwa pamoja na sheria. Kila mgeni mkubwa akija, kila kukiwa na mkutano wa kimataifa, utaona mabaraza yamesafishwa. Mnamo Februari 2019 watoto wa mitaani wa mji wa Nakuru walipakiwa kwenye gari usiku na kwenda kuachwa karibu na msitu wa Chemususu, kaunti ya Baringo. Waliachwa msituni, usiku, watoto. Baada ya jambo kama hilo, wewe ukienda barazani na gari lenye moto ndani na blanketi, ukawaambia watu "pandeni, tunawapeleka mahali pazuri," unadhani watakukimbilia au watakukimbia?

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema kwamba watu wa mitaani hawataki kusaidiwa. Nimelisikia neno hilo mara nyingi, na mimi mwenyewe nimewahi kulisema hewani. Mama yule hakukataa msaada. Alikataa kuupata kwa kumtoa mwanawe.

Tusiseme pia kwamba nchi hii haijawahi kufanya kitu. Shule ya Starehe, ambayo wazazi wengi hapa mjini wangetoa chochote ili watoto wao waingie, ilianza mwaka 1959 kwa vibanda viwili vya mabati. Geoffrey Griffin na wenzake, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, walivifungua kwa ajili ya wavulana waliobaki bila makao, wengi wao kwa sababu ya vita vya Mau Mau na ile Hali ya Hatari. Kilichotangulia kilikuwa paa. Mwaka 1973 Padre Arnold Grol, Mholanzi, alianzisha Shirika la Undugu kwa ajili ya wavulana waliokuwa wakielekeza magari ya watu mahali pa kuegesha ili wapate senti mbili tatu. Mwaka 2003 serikali mpya iliunda hazina maalumu ya urekebishaji wa familia za mitaani, na vijana kadhaa wakatolewa barabarani wakapelekwa katika Huduma ya Vijana kwa Taifa kufundishwa ufundi. Kazi hizo zimeokoa watu. Lakini neno lenyewe, urekebishaji, limekuwa likinikera tangu nilipolisikia mara ya kwanza. Kinachorekebishwa ni redio mbovu. Mtu anayetetemeka kwa baridi hajaharibika, amekosa blanketi.

Hata hesabu yao tunayo. Mwaka 2018 ilifanywa sensa ya kitaifa ya familia za mitaani, na waliohesabiwa ni watu 46,639. Katika Nairobi peke yake walikuwa 15,337, na Mombasa 7,529. Ni sensa ya miaka kadhaa iliyopita, na kila apitaye katikati ya mji usiku ataamua mwenyewe kama wamepungua. Mimi nasema tu kwamba mji ulioweza kuwahesabu watu elfu kumi na tano usingeshindwa kuwauliza usiku uleule: leo unalala wapi?

Sasa nitawapeleka mbali kidogo, hadi New York, kwa sababu huko swali hilo liliwahi kuulizwa mbele ya hakimu, na jibu lake lilipimwa kwa inchi.

Mwaka 1979 wakili kijana aitwaye Robert Hayes aliishtaki serikali ya jiji na ya jimbo kwa niaba ya wanaume wasiokuwa na makao. Mmoja wao, ambaye kesi inaitwa kwa jina lake, alikuwa Robert Callahan, aliyekuwa akilala katika mtaa wa Bowery. Hoja ya wakili ilikuwa nyepesi. Katiba ya jimbo hilo, katika kifungu kilichoingizwa mwaka 1938 baada ya ile miaka ya ufukara mkuu, inasema kwamba kuwasaidia wahitaji ni jukumu la umma. Basi kama ni jukumu, alisema Hayes, litekelezwe usiku huu. Desemba ya mwaka huohuo hakimu akaamuru jiji litoe vitanda. Mnamo Agosti 1981 pande zote mbili zikatia sahihi mapatano. Callahan hakuyaona. Alikuwa amekwisha kufa, huko huko mtaani.

Mapatano hayo nimeyasoma, na kilichonishangaza ni udogo wa mambo yaliyoandikwa. Yanasema kitanda kisipungue upana wa inchi 30, yaani kama sentimita 76. Godoro liwe safi, na mto pia. Shuka ziwe mbili, pamoja na blanketi, taulo na sabuni. Mgeni mpya akija matandiko yote yabadilishwe. Na kila mtu apewe mahali pa kuweka vitu vyake panapofungwa kwa kufuli.

Hilo la kufuli lilinirudisha kwenye vidonge vya yule mtoto. Mama yake angeviweka wapi kwa siku tano? Mfukoni vitalowa, katika gunia vitaibwa, na asubuhi askari wa kaunti wakipita, gunia huenda likatupwa kwenye lori la takataka na kila kilichomo. Wengi wa mitaani wamepoteza vitambulisho vyao kwa njia hiyo, na bila kitambulisho huwezi kuandikishwa kazi ya maana wala kusajili laini ya simu. Sanduku moja lenye kufuli, msikilizaji. Hatuzungumzii ghorofa.

Sitawadanganya kwamba New York ni peponi. Majumba makubwa ya mazoezi ya kijeshi yaligeuzwa mabweni, mamia ya wanaume wakalazwa katika ukumbi mmoja, taa zikiwaka usiku kucha, na wizi na vipigo vikawa vingi hata wengine wakaona heri kulala katika treni za chini ya ardhi. Na tangu mwaka 2022, wahamiaji walipofika kwa makumi ya maelfu, serikali ya jiji ilirudi mahakamani kutaka mzigo huo upunguzwe, na Machi 2024 yakafikiwa mapatano mengine yaliyomwekea kikomo cha siku thelathini, kwa kawaida, mhamiaji mpya aliye mtu mzima asiye na watoto. Kitanda cha usiku si nyumba, na mahali penye vitanda mia nane si pa kulala. Lakini angalau mtu wa kule ana kitu cha kudai. Akifukuzwa mlangoni, yuko wakili wa kumuuliza mwenye mlango kwa nini.

Rafiki yangu mmoja mhariri, nilipomsimulia habari hii, aliniambia: "Ukiweka vitanda vya bure Nairobi, nchi nzima itahamia huko." Nilicheka, kisha nikaona si jambo la kucheka, maana wengi wanafikiri hivyo. Mtu haachi kitanda chake Kitui au Siaya ili aje kulala katika ukumbi na watu arobaini asiowajua wanaokoroma. Anayekuja hapo ni yule ambaye baraza ndiyo iliyokuwa zamu yake nyingine. Na kama kweli watakuwa wengi, basi walikuwako tangu mwanzo, ila tulikuwa tunawaruka.

Isitoshe, tunajua kufungua milango. Tumefanya hivyo juzi tu. Aprili na Mei 2024, mafuriko yalipobomoa nyumba za watu Mathare na Mukuru, shule na makanisa yalifunguliwa, watu wakalala madarasani, magodoro yakaletwa, uji ukapikwa, wauguzi wakapita. Hakuna aliyeuliza barua ya afisa. Hakuna kijana wa miaka kumi na mitatu aliyetenganishwa na mama yake. Aliyepoteza nyumba yake kwa maji tulimwita mhanga, tukamfungulia. Ambaye hana nyumba ya kupelekwa na maji, mvua hiyohiyo ilimkuta barazani, na huyo tunamwita chokoraa. Mama yangu alinitishia jina hilo nilipokataa kusoma. Sidhani kama alijua kwamba ni la watu.

Kaunti ya Nairobi ina kumbi za kijamii za tangu zamani, kama ule wa Kaloleni na Ukumbi wa Kumbukumbu wa Pumwani. Mchana hutumika kwa mikutano, usiku milango hufungwa. Ninachopendekeza ni kidogo, na nimekifikiria kwa siku nane. Kuanzia Juni hadi Agosti, na katika usiku wa masika, kumbi tatu au nne zilizo karibu na katikati ya mji zifunguliwe saa mbili usiku hadi saa moja asubuhi. Ziwe ndogo, zisizidi watu hamsini, na mojawapo iwe ya familia zilivyo, na vijana wao wa kiume, kukiwa na mapazia. Kuwe na masanduku ya kufuli, na maji safi. Zaidi ya yote, asubuhi akae mezani mtu mmoja wa ustawi wa jamii, mwenye simu na saa za kutosha, ili aliyelala ajue aende wapi kutafuta kitambulisho, dawa, shule ya mtoto, au nauli ya kurudi kwao ikiwa anataka mwenyewe kurudi. Na lori lisionekane karibu na hapo. Siku lori litakapoegeshwa mlangoni kusubiri wanaotoka, hamtamwona mtu tena, na mtasema kwamba hawataki kusaidiwa.

Mtauliza fedha zitatoka wapi. Zitatoka zinakotoka zile za kununulia mafuta ya lori.

Nimeacha jambo moja. Tuliporudi saa tisa na nusu, bawabu alikuwa akiota moto kwenye jiko lake la makaa. Ni mzee wa zaidi ya miaka sitini, mshahara wake naujua, maana amewahi kuniambia. Mama alimweleza maneno ya nesi. Mzee hakusema kitu. Akatoa funguo, akafungua kijichumba kilicho chini ya ngazi, wanapowekea mifagio na ndoo, akatandika magunia matatu, akachukua chupa yake ya chai akaimwaga, akaisuuza, akaijaza maji ya moto kwa ajili ya vidonge vya asubuhi. Jiko akaliacha nje ya mlango, mlango akauacha wazi, kwa sababu ya hewa ya makaa. Kijana akalala mlangoni, miguu yake nje. Wamelala humo usiku tano, hadi vidonge vikaisha.

Juzi nilimwambia mzee kwamba nataka kulizungumza jambo hili redioni. Akafikiri kidogo, akasema, "Zungumza, mwanangu. Lakini usitaje barabara. Mwenye jengo akisikia nimelaza watu, atanifukuza."